Kuwasha Injini ya Ndege ya Kale Kwenye Simuleta: Kwa Nini Kitufe Kimoja Hakitoshi

Mtu anayerusha Airbus kwenye simuleta ya kompyuta bila wasiwasi wowote anaweza kukwama nusu saa nzima mbele ya DC-3, ndege ya abiria ya miaka ya 1930 yenye injini mbili za propela. Propela inazunguka, moshi kidogo unatoka, injini inakohoa mara mbili, kisha kimya. Anajaribu tena, na safari hii hata kikohozi hakipo. Anatafuta video, anafuata hatua zote, injini inawaka. Anaruka, anatua, anazima. Anarudia hatua zilezile na injini inagoma kabisa. Hapo ndipo watu wengi wanapoamua kwamba programu ina hitilafu, au kwamba ndege hizi zilikuwa na siri walizozijua marubani wa zamani peke yao.

Siri hakuna, na mara nyingi hata hitilafu haipo. Injini za miaka ya 1930 na 1940 hazikuwa na kompyuta ya kupima joto, kukadiria petroli na kuchagua wakati wa kutoa cheche. Rubani ndiye aliyefanya hayo yote kwa mikono yake, na simuleta iliyotengenezwa vizuri inakukabidhi wewe kazi hiyohiyo. Ndiyo maana hatua za kukariri hukuangusha: injini iliyolala usiku kucha inataka kitu kimoja, iliyozimwa dakika 10 zilizopita inataka kingine. Ukijua kila leva inagusa nini ndani ya injini, unaacha kubahatisha. Ikikataa kuwaka, unasikiliza inavyokataa na unajua inachokosa.

Maneno machache kwanza

Hapa nitasema petroli kwa kile kinachoungua na oili kwa kile kinacholainisha vyuma, ili tusichanganye.

Injini ya pistoni ina silinda, na ndani ya kila silinda kuna pistoni inayopanda na kushuka. Pistoni inashuka ikivuta hewa iliyochanganyika na petroli; inapanda ikiibana; plagi inatoa cheche, mchanganyiko unaungua na kuisukuma chini; inapanda tena ikitoa moshi nje. Hiyo ndiyo mipigo minne, na kuikamilisha yote shafti ya injini lazima izunguke mara 2. Likumbuke hilo, maana litaturudia tukifika kwenye kuhesabu mapanga ya propela.

Kwa umbo, injini utakazokutana nazo zaidi ni za aina mbili. Ya kwanza ni injini ya nyota, ambayo silinda zake zimeizunguka shafti pande zote, baadhi zikielekea juu na baadhi zikielekea chini. Pratt & Whitney R-1830 Twin Wasp, inayobeba DC-3 nyingi, ni ya aina hii: silinda 14 katika safu mbili za silinda 7, ujazo wa lita 30 hivi, nguvu ya farasi 1,200 wakati wa kupaa. Aina ya pili ni injini ya V, yenye safu mbili ndefu za silinda zilizoinamiana. Rolls-Royce Merlin ya Spitfire, ndege ya kivita ya Uingereza, ni V ya silinda 12, lita 27, nayo hupoozwa kwa kimiminika badala ya upepo.

Zote mbili zinawaka vitu vinne vikikutana kwa wakati mmoja: mzunguko, hewa, petroli na cheche. Karibu kila swichi na kila leva utakayoigusa wakati wa kuwasha inahusu kimojawapo cha hivyo vinne.

Kuizungusha

Injini ya lita 30 haizungushwi kirahisi. Njia rahisi ni starta ya umeme inayosukuma shafti moja kwa moja, kama ilivyo kwenye ndege ndogo za leo. Lakini betri za wakati ule zilikuwa dhaifu kwa kazi hiyo, kwa hiyo ndege nyingi zilitumia starta yenye flaiwili, yaani gurudumu zito linalohifadhi nguvu ya mzunguko. Mota ndogo inalizungusha gurudumu hilo zito taratibu hadi lipate kasi kubwa, kisha rubani anaiunganisha nguvu yote iliyokusanyika na shafti kwa mkupuo mmoja. Hapo ndipo zinapotoka zile swichi mbili zinazowachanganya watu: moja inazungusha flaiwili, nyingine inaiunganisha na injini. Ukibonyeza ya pili mapema, gurudumu bado halina kasi, propela itasogea kidogo na kusimama. Subiri. Sikiliza sauti ya mota ikipanda hadi ibaki palepale, ndipo uunganishe. Kwenye Bf 109, ndege ya kivita ya Ujerumani, flaiwili hiyo ilizungushwa kwa mkono na fundi aliyesimama nje ya ndege, na baadhi ya Spitfire zilitumia fataki mfano wa risasi isiyo na kichwa, ambayo gesi yake ndiyo iliyoisukuma injini.

Starta yoyote ya umeme hupata joto haraka. Ukiishikilia mfululizo bila kuipumzisha, simuleta makini itaiunguza na hutapata nafasi nyingine.

Kuhesabu mapanga si mapambo

Watu wengi hudhani rubani anayehesabu kwa sauti mapanga ya propela yakipita dirishani, moja, mbili, tatu, anafuata desturi tu ya zamani. Kwa injini ya nyota, kuhesabu huko kunaweza kuiokoa injini yenyewe.

Injini ikilala, oili hushuka polepole na kupenya pembeni mwa pistoni hadi kujikusanya ndani ya silinda zinazoelekea chini. Hewa inabanika, kimiminika hakibaniki. Chukua bomba la kujazia baiskeli upepo, lijaze maji, ziba tundu lake kwa kidole, kisha jaribu kulisukuma: mkono unagota. Pistoni inayopanda kwenye silinda iliyojaa oili inagota vivyo hivyo. Starta ikiwa peke yake madhara huwa madogo, kwa sababu klachi yake imepangwa kuteleza inapokutana na kizuizi kikubwa. Hatari kubwa ni pale silinda za juu zinapokuwa zimeshashika moto na kuisukuma shafti kwa nguvu zote, huku silinda moja ya chini imejaa oili. Konrodi, fimbo inayounganisha pistoni na shafti, inapinda. Huenda isivunjike siku hiyo. Inaweza kuvunjika baada ya saa kadhaa za kuruka, ndege ikiwa angani.

Kwa hiyo injini huzungushwa kwanza cheche zikiwa zimezimwa, hadi kila silinda iwe imepitia mipigo yake yote minne bila kugota. Na hapa hesabu inatofautiana kati ya ndege na ndege. Propela ya DC-3 haizunguki sawa na shafti. Katikati kuna gia za uwiano wa 16 kwa 9, yaani shafti ikizunguka mara 16 propela inazunguka mara 9. Mizunguko 2 ya shafti ni mzunguko mmoja na kidogo tu wa propela, na kwa propela ya mapanga matatu hiyo ni mapanga 3 na sehemu ya la nne. Mapanga 4 yakipita, kila silinda imeshajibu. DHC-2 Beaver, ndege ndogo yenye injini ya R-985 Wasp Junior ya silinda 9, haina gia hizo. Propela imefungwa moja kwa moja kwenye shafti. Mizunguko 2 ya shafti ni mizunguko 2 ya propela: mapanga 4 kama propela ina mapanga mawili, 6 kama ina matatu. Hicho ndicho kiwango cha chini kabisa, na marubani huongeza juu yake, wengine hadi mapanga 9 au 12. Mimi huongeza kila mara, hata kwenye simuleta isiyojali oili ya chini, kwa sababu tabia njema haijui kwamba leo uko kwenye skrini.

Propela ikigota katikati ya kuhesabu, usiongeze nguvu. Wala usiizungushe kinyumenyume ukidhani umeitatua, maana utakuwa umeisukuma oili kwenye bomba la kuingizia hewa, nayo itavutwa tena ndani mara injini itakapowaka. Fundi wa kweli hufungua plagi ya silinda ya chini na kuiacha oili imwagike. Ndege zilizoigizwa kwa undani zina kitufe cha kazi hiyo kwenye menyu ya matengenezo.

Kwenye Spitfire usihesabu. Silinda za Merlin zote zinaelekea juu, kwa hiyo oili haina pa kujikusanya juu ya pistoni. Injini ya Bf 109 nayo ni V, lakini imepinduliwa, vichwa vya silinda vikielekea chini, na hofu inarudi.

Petroli: hapa ndipo injini nyingi zinapokufa

Nisikilize vizuri hapa, maana ukilielewa hili umemaliza zaidi ya nusu ya safari.

Petroli ikiwa bado kimiminika haiungui ndani ya silinda. Kinachoungua ni mvuke wake ukiwa umechanganyika na hewa kwa kipimo kinachofaa, karibu sehemu 15 za hewa kwa sehemu 1 ya petroli kwa uzito. Injini ikiwa ya moto, petroli inayoingia hugeuka mvuke papo hapo. Ikiwa baridi, sehemu kubwa yake hubaki matone na kunata kwenye kuta za mabomba. Unaweza kuwa umetia petroli ya kutosha na bado mvuke ukawa haba. Ndiyo sababu injini baridi hupewa petroli nyingi kuliko inavyohitaji: ili ile sehemu ndogo itakayogeuka mvuke itoshe.

Rubani anaigusa petroli kwa vitu vitatu, na kila kimoja kina kazi yake.

Leva ya nguvu haiongezi petroli kama watu wanavyodhani. Inafungua mlango wa hewa. Kabureta ndiyo inayoipima hewa inayopita na kuipatia petroli inayolingana nayo. Wakati wa kuwasha, mlango huo hufunguliwa kidogo tu, sentimita moja au mbili za mwendo wa leva. Ukiufungua sana, hewa inakuwa nyingi mno kwa mvuke mdogo uliopo na injini haishiki. Na ikishika, inaruka kwa kasi kubwa kabla oili haijafika kwenye vyuma.

Leva ya mchanganyiko ndiyo inayoamua kiasi cha petroli kwa hewa ileile. Ina mwisho mmoja wa petroli nyingi, na mwisho wa pili unaokata petroli kabisa. Aliyejifunza kwenye Cessna 172 ya kabureta amezoea kuisukuma hadi mwisho wa petroli nyingi kabla ya kugusa starta. Akifanya hivyo kwenye DC-3 ameharibu. Kabureta ya R-1830 hupuliza petroli kwa msukumo wa pampu; leva ikiwa wazi na pampu ikiwa inafanya kazi, petroli inamiminika hata kama injini haizunguki. Injini hii huwashwa leva ikiwa imekata. Ndiyo, unaiwasha ikiwa imekatiwa petroli ya kabureta.

Inawakaje sasa? Kwa kitu cha tatu, praima. Hii ni pampu ndogo yenye mabomba yake membamba, inayonyunyizia petroli karibu kabisa na silinda bila kupitia kabureta. Kwenye injini ya nyota, mabomba hayo huelekea baadhi ya silinda za juu tu, kwa sababu petroli ikipelekwa chini itatuama. Kwenye DC-3 praima ni swichi unayoishika kwa sekunde chache. Kwenye Spitfire ni mpini unaouvuta na kuusukuma kwa mkono, na idadi ya mivuto inategemea joto la nje. Siku ya baridi kali, mivuto mingi. Siku ya joto, michache. Injini ambayo haijapoa, pengine hakuna kabisa.

Ndiyo maana video uliyoifuata neno kwa neno inaweza kukuangusha. Aliyeitengeneza alikuwa na injini baridi asubuhi ya digrii 5. Wewe umetua sasa hivi.

Imani moja imeenea sana: kwamba kuichezesha leva ya nguvu mbele na nyuma kabla ya kuwasha kunasaidia. Kabureta nyingi zina pampu ndogo inayorusha petroli kila leva inaposukumwa mbele, na ni kweli petroli hiyo inaingia. Lakini inaingia kwenye kabureta, mbali na silinda, na kama injini haizunguki haina wa kuivuta. Inashuka na kutuama kwenye njia ya hewa. Injini ikirudisha mwali nyuma, mwali huo unaikuta petroli inaisubiri. Ndege za kweli zimeungua hivyo zikiwa zimeegeshwa.

Cheche isiyotegemea betri

Ukizima swichi kuu ya betri injini ikiwa inazunguka, haizimiki. Wengi wanaolijaribu hili kwenye simuleta hudhani wamegundua kosa la programu, kumbe ndivyo ilivyo angani pia.

Cheche hutoka kwenye magneto, kifaa chenye sumaku inayozungushwa na injini yenyewe na kujitengenezea umeme wake. Injini ina magneto mbili, na kila silinda ina plagi mbili, moja kwa kila magneto. R-1830 yenye silinda 14 ina plagi 28. Magneto moja ikifa, nyingine inaendelea na ndege inarudi nyumbani ikiwa imepungukiwa nguvu kidogo tu.

Swichi ya magneto nayo inafanya kazi kinyume na swichi ulizozizoea. Ukiiweka kwenye kuzima, haikati umeme. Inaupeleka kwenye mwili wa injini ili usifike kwenye plagi. Maana yake ni kwamba waya huo ukikatika, magneto inabaki hai hata swichi ikisema imezimwa. Ndiyo sababu watu wa ndege huifikia kila propela kana kwamba inaweza kuwaka wakati wowote.

Magneto ina udhaifu mmoja: ikizungushwa polepole, cheche yake ni hafifu. Isitoshe, imepangwa kutoa cheche kabla pistoni haijafika juu kabisa, jambo zuri kwenye kasi ya kawaida, lakini injini ikizunguka kwa mwendo wa starta mlipuko wa mapema unaweza kuirudisha pistoni nyuma. Injini ndogo hutatua hilo kwa springi inayoishika sumaku kidogo kisha kuiachia kwa ghafla, hivyo cheche inachelewa na inakuwa kali. Injini kubwa hutumia kifaa cha ziada kinachochota umeme wa betri na kumwaga cheche mfululizo. Hiyo ndiyo swichi ya tatu unayoikuta karibu na starta kwenye baadhi ya ndege. Kuisahau ni sababu moja kubwa ya propela kuzunguka vizuri, harufu ya petroli ikiwepo, na injini isishike.

Sekunde chache zenyewe

Tuziunganishe sasa, kwenye DC-3 iliyolala usiku kucha. Breki zimefungwa. Matangi yamechaguliwa, betri imewashwa. Leva ya propela, inayorekebisha kasi ya mzunguko wake, iko mbele kabisa, leva ya nguvu imefunguliwa kidogo, leva ya mchanganyiko imekata. Vifuniko vya kupitishia hewa vinavyoizunguka injini vimefunguliwa. Pampu ya petroli inawashwa hadi mshale wa msukumo upande.

Starta. Propela inaanza kuzunguka kwa uzito, panga moja moja, na unahesabu. Hakuna kilichogota. Magneto zinawashwa zote mbili, cheche ya ziada inashikwa, praima inashikwa, starta bado inazunguka. Silinda moja inapiga. Kimya kidogo. Mbili zinapiga. Hizi ni zile za juu zilizonyunyiziwa na praima. Za chini bado hazina kitu, ndiyo maana injini inayumba na kutetemeka badala ya kunguruma. Usiingiwe na pupa ya kuisukuma leva ya nguvu. Endelea na praima kwa kugusa na kuachia, usikie mapigo yakikaribiana, kisha usogeze leva ya mchanganyiko kutoka kwenye kukata hadi kwenye petroli nyingi. Kabureta inachukua kazi, silinda zilizobaki zinaingia moja baada ya nyingine, na mngurumo unajaa. Ikifika mizunguko 1,000 kwa dakika, silinda 14 zinapiga mara 7,000 kila dakika.

Wakosaji wengi wanakosea katika hizi sekunde mbili. Wakisogeza mchanganyiko mapema, petroli inaizamisha injini. Wakichelewa, petroli ya praima inaisha na injini inakufa ikiwa ilikuwa tayari imeshika. Sikio linakufundisha hili kuliko macho.

Wingu jeupe linalokaribia rangi ya buluu linalotoka nyuma si ishara ya kuharibika. Ni ile oili iliyoshuka chini ikiungua, na itaisha. Moshi mweusi ndio wa kuangalia: huo ni petroli iliyozidi.

Jicho lako sasa liende kwenye msukumo wa oili. Usipopanda ndani ya sekunde 30, kata mchanganyiko na uzime, bila kusubiri kuona. Ukipanda, iache injini izunguke karibu 1,000 hadi oili ifike digrii 40 hivi. Kipindi hiki huwachosha watu, nao husukuma leva ili waondoke. Oili baridi ni nzito, haipiti kwenye nafasi nyembamba, na chuma kinachosuguana bila oili kinaliwa. Wengine hufunga vifuniko vya hewa ili injini ipate joto upesi; vichwa vya silinda hupata joto kweli, lakini oili inabaki nyuma, na waya za plagi zinaungua.

Spitfire ina tatizo la upande wa pili. Rejeta zake ziko chini ya mabawa na zinategemea upepo wa kuruka. Ardhini joto hupanda haraka mno, na ukizubaa ukipanga ramani zako, kimiminika kinachemka kabla hujafika kwenye njia ya kurukia.

Injini ikikataa, inasema

Ikizunguka bila kupiga hata mara moja, na hakuna moshi, anza na cheche na petroli: magneto zimewashwa? Kuna msukumo wa petroli? Tangi lililochaguliwa lina kitu?

Ikipiga mara moja mbili na kurudisha mlio wa "pwaa" kwenye njia ya hewa, petroli ni haba. Mchanganyiko mwembamba huungua polepole, na moto unakuwa bado haujaisha valvu ya kuingizia inapofunguka tena. Ongeza praima. Mlio ukitoka nyuma kwenye bomba la moshi pamoja na ndimi za moto na weusi, petroli imezidi na inaungulia nje. Hapo kata mchanganyiko, acha praima, zima magneto, fungua leva ya nguvu yote ili hewa iingie, na uzungushe injini mapanga kadhaa ikauke. Kisha urudishe leva ya nguvu mahali pake kabla ya kuanza upya. Wengi wanasahau hilo la mwisho, na injini ikishika inaruka kwa kishindo.

Moto ukitokea kwenye njia ya hewa, mkono utataka kuachia starta. Usiiachie. Kata mchanganyiko, fungua leva ya nguvu, endelea kuzungusha: injini inaumeza moto huo na kuuvuta ndani ya silinda, mahali panapostahili moto.

Injini yenye joto hudanganya zaidi ya zote. Petroli inachemka ndani ya mabomba na kuwa mapovu ya mvuke, pampu inasukuma mvuke badala ya petroli, na rubani anayeona haishiki anaongeza praima hadi anaizamisha. Iendeshe pampu hadi msukumo utulie, jaribu kwanza bila praima, na ukiigusa, igusie tu.

Kuna kukataa kusikotoka kwenye injini kabisa. Ukitumia leva za plastiki mezani, leva ya kweli na ile ya kwenye skrini zinaweza kutokubaliana: unakata mchanganyiko kwa kipanya, leva ya mezani inatetemeka kidogo na programu inaurudisha kwenye petroli nyingi bila wewe kuona. Kabla ya kuilaumu injini, sogeza kila leva ya mezani mwanzo hadi mwisho na uhakikishe ya kwenye skrini inaifuata.

Simuleta zenyewe hazilingani pia. Microsoft Flight Simulator inakupa Ctrl na E za kuwasha injini kwa niaba yako, na hakuna ubaya kuzitumia ukitaka kuruka tu. X-Plane ina njia yake ya aina hiyo. Kwenye DCS World, P-51D (ndege ya kivita ya Marekani), Spitfire na Bf 109 zimeigizwa kwa hatua zenyewe moja moja. Ndege mbili za jina moja kutoka kwa watengenezaji tofauti zinaweza kuwa moja inahesabu oili ya chini na nyingine inajali swichi tu, kwa hiyo soma mwongozo wa hiyo uliyonayo.

Na ukimaliza kuruka, injini hizi hazizimwi kwa magneto. Iache izunguke karibu 1,000 hadi joto la vichwa vya silinda lishuke, kisha ukate mchanganyiko. Injini inaungua petroli yote iliyobaki kwenye mabomba na silinda, inasimama ikiwa kavu, wala hakuna mvuke uliobaki ndani wa kuwaka mtu akiigusa propela. Propela ikishasimama, magneto zizimwe, kisha swichi za petroli, na betri mwisho.